Mfuko wa Samaki na Uzi wa Kukatika

Mimi ni mshonaji, na sioni haya kusema kwamba barabara yetu ya Kikula haikuwa na mshonaji wa kunifikia. Wenzangu walishona sare za kwaya na nguo za arusi; hizo nilizishona pia, tena kwa jicho tu, bila kurudia vipimo. Lakini kazi ninayojivunia mpaka leo haikuvaliwa na mtu kanisani. Ni mfuko wa kuwekea samaki, niliomshonea mume wangu aliyekuwa akizamia majini na mkuki, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati mji wetu wa Likasi ulikuwa umesimama na watu wamebaki mikono mitupu.

Niseme kwanza jinsi mchomeleaji wa vyuma alivyogeuka mvuvi. Mume wangu alikuwa na kazi katika karakana ndogo ya mtu mmoja, iliyotengeneza matangi na mabomba kwa ajili ya viwanda. Viwanda vilipopoa, karakana nayo ikapoa. Mwenyewe akawagawia wafanyakazi mabaki ya vyuma, akafunga mlango, akahama mji. Wanaume wa jirani walianza kwenda kuchimba madini Shinkolobwe, wengine wakapakia makaa kwenye baiskeli. Mume wangu akasema yeye chini ya udongo haingii angali anapumua. Alikuwa amekulia kando ya mto Lufira, anaogelea tangu anajijua, na alijua mahali penye samaki ambapo hakuna mtu aliyekuwa akivua.

Palikuwa ni kariere ya zamani, shimo kubwa la kuchimbia mawe ya chokaa, nje ya mji. Zamani pampu zilinyonya maji yake siku zote. Pampu zilipozimwa, maji yakapanda taratibu na kufunika kila kilichoachwa humo: reli za vigari, nyaya, ngazi za chuma. Kijito cha karibu kilikuwa kikifurika wakati wa mvua na kumwaga samaki ndani, nao wakazaana. Maji yalikuwa maangavu hata unaona mawe ya chini. Wavu haukufaa kitu, maana samaki waliuona, na vile vyuma viliurarua. Mkuki ndio uliofaa. Mume wangu akajitengenezea wa nondo, wa kurushwa kwa ukanda wa mpira, na miwani ya kuzamia kwa vipande vya kioo na mpira wa gurudumu.

Mkuki alikuwa nao, pumzi alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mahali pa kumweka samaki akishachomwa. Ukimpeleka kila mmoja pembeni unachoka kabla jua halijapanda. Basi alikuwa akiwatunga kwenye waya kupitia mashavu, na waya anaufunga kiunoni, halafu anazama tena na mzigo wake.

Siku moja alirudi na jeraha limemzunguka kiuno. Akaketi, akanawa, akaanza kula bukari, ugali wetu, na mboga, na katikati ya matonge akanisimulia kana kwamba ni habari ya mtu mwingine.

"Ile waya ilikamata ku reli, kule chini. Nilivuta, ikakatala. Njo nikavuta na nguvu yote, ikaachia."

"Na kama haikuachia?"

"Iliachia, mama. Si uko unaniona?"

Nikamwondolea sahani. Nilikuwa nimeogopa, na mimi hofu yangu hutoka ikiwa imevaa hasira. Nilimwambia kwamba hataingia tena kwenye yale maji na kitu chochote kilichofungwa mwilini mwake, na kwamba kama samaki hawawezi kukaa mbali naye, basi tutakula sombe, majani ya muhogo matupu, mpaka mwisho wa dunia.

Mama yake alikuwepo. Alikuwa akiishi nasi, na katika watoto wote aliowazaa, huyo mzamiaji wangu ndiye peke yake aliyebaki. Ni mama wa maombi, asiyeinua kijiko bila kumtaja Mungu. Siku hiyo alikwenda akaleta mafuta ya mawese, akampaka mwanawe kiunoni kama mtoto mchanga, na mwanawe mwenye ndevu akakubali.

Mume wangu alikubali pia kwamba chombo kinahitajika, ila akataka kukitengeneza mwenyewe. Mji wetu wa migodi ya shaba una ugonjwa wake: mtu akikosa mlango, anafikiri shaba, akikosa sufuria, shaba. Alichukua bamba la shaba aliloachiwa karakana ilipofungwa, akalitoboa matundu, akalikunja likawa ndoo, akalitia kifuniko chenye bawaba na komeo, akalifunga madumu ya kuelea. Kwa macho lilikuwa kitu cha kuweka sebuleni. Majini lilizama na madumu yake. Akaongeza madumu, likaelea, lakini kulivuta ilikuwa kama kuvuta ng'ombe asiyetaka kwenda sokoni. Na samaki waliolala humo juani walitoka na madoa ya kijani. Wanawake wa soko la Kikula wanaijua ile rangi tangu tumboni mwa mama zao. Walinusa, wakaniuliza kama samaki wangu wameoga asidi. Nilirudi na beseni zima. Kuku wetu mmoja alilipenda lile bamba, akataga ndani, na huko ndiko lilikomaliza safari.

Hapo nikasema, sasa tokeni, niachieni.

Sokoni kwetu walikuwa wakiuza vipande vya kitambaa cha kuchujia cha viwandani, kilichokwisha kazi. Kila nyumba ilikuwa nacho, wengine wamekifanya pazia, wengine zulia la mlangoni. Ni kinene, hakiozi, na maji yanapita. Nikashona mfuko mrefu wa kufika kiunoni kwangu. Mdomoni nikautia ringi ya baiskeli ya mtoto ili ukae wazi. Juu ya ringi nikashona kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikakichana katikati kwa umbo la nyota, ili mkono uingie na samaki, kisha yale meno ya mpira yajifunge nyuma yake. Samaki anaingia, hatoki, na mzamiaji hahitaji mkono wa pili. Chini niliweka mdomo mwingine wa kufunga kwa kamba ya kukaza, wa kumwagia samaki kwenye beseni. Pembeni dumu mbili za njano za mafuta ya kupikia, nikizivika vifuko vyake zisisuguane na kitambaa. Sindano za mashine zilivunjika, nikamalizia kwa sindano ya magunia na kidole gumba kilichovimba.

Kwa hiyo mfuko ungeelea juu, na mume wangu angekuwa huru chini, ameunganishwa nao kwa kamba ndefu ya nailoni ili usichukuliwe na upepo. Mfuko wenyewe haukunisumbua. Kazi ilikuwa pale kamba inapokutana na mtu.

Mume wangu alivaa mkanda aliokata kwenye kiti cha gari bovu. Alitaka kamba ifungwe hapo kwa pete ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Mimi nikakataa. Nikashona kikanda kidogo cha kitambaa cha kufungia kamba, mikunjo miwili, na kile kikanda nikakishikiza kwenye mkanda kwa bandi. Kila mshonaji anaijua bandi, ule mshono wa muda unaoshika nguo mpaka mashine ipite, halafu unauvuta mara moja unatoka. Nilitumia uzi wa pamba, mwembamba. Nikaning'iniza ndoo kwenye kikanda na kutia mchanga kidogo kidogo, nikipunguza na kuongeza vishono, mpaka nikapata kile nilichotaka: mshono unaoweza kukokota mfuko uliojaa majini, lakini mtu akiurukia kwa nguvu, unaachia.

Mume wangu alisimama uani na mkanda kiunoni, nikavuta kamba kwa ghafla, bandi ikapasuka, nami nikaanguka chini na makalio. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kintu yenye inakatika ni kintu mubaya," alisema. "Minye kazi yangu haivunjike."

"Njo maana iliachwa kwa kuku," nilimjibu. "Sikiliza, baba. Hii robe nimevaa ikikamatwa na musumari ya mulango, nataka mushono ipasuke, haiko mwili yangu."

Hilo lilimwingia. Mtu wa vyuma ni mbishi, lakini si mjinga. Aliyekataa kuingiwa ni mama yake. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, na aliposikia maneno yale aliweka ungo chini.

"Weye mutoto, unashonea bwana yako kintu ya kukatika? Bantu batasema nini? Kesho akipata hatari kule ku mayi, batasema bibi yake njo alishona ile uzi."

Alisema kweli, na mimi nililijua hilo kabla yake. Kwetu mwanamume akidhurika majini au porini, macho ya kwanza yanamgeukia mke wake: alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini, aligombana naye asubuhi? Na mimi nilikuwa nimeshona kwa mkono wangu, mchana, mbele ya jirani, uzi wa kukatika. Lakini ningefanya nini? Nimshonee uzi wenye nguvu ili nibaki na jina zuri na kaburi? Nilimwambia mama kwa heshima kwamba nimepima, na kwamba naijua kazi yangu.

Na kazi ikajisemea. Mume wangu alianza kurudi mapema, na samaki wengi kuliko wakati wa waya, wakiwa wabichi, wa baridi, hawajaguswa na jua. Sokoni wanawake walewale walionitania asidi walianza kuniwekea nafasi. Wazamiaji wawili walikuja kuangalia ule mdomo wa nyota, wakatia mikono ndani, wakaitoa, wakatia tena kama watoto. Nilikaa pale na sindano yangu, nimejaa tele.

Bandi niliifanya upya kila mara kabla hajaondoka, kwa sababu pamba ikilowa na kukauka inachoka. Hata hivyo kulikuwa na siku ilipokatika bila sababu, mume wangu alipogeuka kwa haraka, na mfuko ukaelea zake, akalazimika kuufukuza hadi ukutani mwa kariere. Alirudi amenuna. Akala huku analalamika kwamba uzi umekatika tena, kwamba ameogelea zaidi ya samaki wenyewe. Mimi nilimwambia aogelee, ni afya. Mama yake alisikiliza, na mimi sikumtazama.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mume wangu kwenye kariere, nipate kuchukua samaki moja kwa moja sokoni. Mkanda nilikuwa nimeushona tangu mchana wa jana yake, nikautundika kwenye msumari na kwenda kuteka maji. Asubuhi aliuvaa, tukapanda baiskeli, yeye akikanyaga na mimi nyuma na beseni.

Niliketi juu ya jiwe pana pembeni ya maji. Yeye alikuwa mbali kidogo, upande wenye reli. Namna ya kumfuata ilikuwa kuangalia zile dumu za njano: anazama, zinatembea taratibu, anaibuka, anatia samaki kwenye mdomo wa nyota, anapumua, anazama tena. Nilikuwa nikitoa magamba ya samaki wa kwanza na kujiimbia wimbo wa kanisani.

Halafu dumu zikazama. Zote mbili, ghafla, kama mtu kazivuta kwa chini. Zikaibuka.

Nikajua. Kamba imenasa na yeye anavuta. Nikasema kwa sauti, peke yangu, sasa itaachia. Sikuwa na wasiwasi, nakwambia kweli. Niliijua ile bandi, mvuto wa kwanza tu unaitosha. Dumu zikazama tena. Zikaibuka. Zikazama mara nyingine, na safari hii zilikaa chini.

Mimi sijui kuogelea. Niliingia majini mpaka kifuani, jiwe likaisha chini ya miguu yangu, nikarudi nikishika majani. Niliita. Niliutukana uzi, nikamtukana mume wangu, nikamwomba Mungu, yote kwa pumzi moja. Mikono yangu ilikuwa bado na magamba. Nakumbuka niliitazama na kuiuliza imefanya nini.

Dumu zikarudi juu, naye akaibuka mbali nazo, akikohoa, mweupe midomoni. Alipofika pembeni nilimvuta kwa makwapa kama gunia. Mkanda haukuwepo, na kaptula haikuwepo. Alikuwa amejichomoa kwenye mkanda kwa nguvu, na mkanda ulikuwa umeondoka na ngozi ya nyonga zake pande zote mbili. Alilala juu ya jiwe akitazama mbingu, na neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Uzi yako ilikatala."

"Haiwezekane."

"Nilivuta, mama. Nilivuta na miguu ku reli. Ilikatala."

Tuliukokota mfuko kwa mti mrefu, tukakata kamba iliyokuwa ikishuka chini. Nilitaka ule mkanda. Nilitaka kuuona kuliko kitu chochote, kwa sababu mshono haufichi aliyeushona. Lakini ulikuwa chini kwenye reli, na hakuna ambaye angeufuata. Nilimfunga kitenge changu kiunoni, tukarudi kwa miguu, yeye kaegemea baiskeli.

Njiani nilimwambia: "Minye nilishona sawa." Baadaye nikamwambia tena. Akasema polepole, bila ubaya, "Labda ulisahau, ukapitisha mara mbili. Kazi ni mingi." Angenipiga ningejua la kufanya. Lile "labda ulisahau" liliniumiza, kwa maana lilikuwa la huruma. Mtu ambaye alikuwa ametoka kwenye kifo alikuwa ananihurumia kwa ajili ya mkono wangu, na mimi sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Nilianza hata kujiuliza, kweli nilishona vipi jana?

Mama mkwe alikuwa uani, anatwanga sombe. Alimwona mwanawe na kitenge cha mke wake kiunoni, na damu imepita kwenye maua ya kitenge. Mchi ukabaki hewani.

"Si kitu, mama," mume wangu alisema. "Nilianguka."

Mimi siwezi uongo wa namna hiyo. Nilisema yote, kwa sauti ambayo jirani walisikia: kwamba kamba ilinasa, kwamba alivuta, kwamba uzi niliouapia ulikataa, kwamba mkanda umebaki chini na hatutajua kamwe kwa nini.

Akaweka mchi ndani ya kinu, polepole. Nimeifikiria ile dakika mara nyingi. Mkanda ulikuwa chini ya maji. Mume wangu alikwisha kuamini kwamba ni mimi, na mimi mwenyewe nilikuwa naelekea kuamini. Yule mama hakuhitaji kufanya lolote ila kuendelea kutwanga, na angekufa mzee, ameheshimiwa, na mimi ningebaki mke aliyeshona vibaya.

Alifungua fundo la kitenge chake, mahali wanapoweka vitu vya thamani, akatoa kibonge cha uzi wa nailoni wa kufumia nyavu na sindano ya magunia, sindano yangu.

"Ni minye," alisema. "Wakati ulienda ku mayi. Nilipitisha ile nailoni mu katikati ya mikunjo, ili usione. Niliomba na nilishona, niliomba na nilishona. Nilisikia anasema kila siku, imekatika, imekatika. Niko na mutoto mumoja. Niliogopa kintu yenye inakatika."

Na akaanza kupiga magoti. Mbele yangu mimi, mkwe wake. Kwetu jambo hilo halipo, ni mimi ninayepiga magoti mbele yake nikimpa maji. Nilimshika mikono yote miwili kabla goti halijagusa udongo, na hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu asubuhi ile. Mume wangu alisimama na kitenge chake, hajui amshike nani.

Nilikuwa na hasira na yule mama, sisemi hapana. Ilidumu kwa muda, ikawa inakuja na kuondoka. Lakini nilimweka kwenye kigoda changu karibu na mashine, akasema: "Nionyeshe." Nikamkatia uzi wa pamba. Akauzungushia vidole, akauvuta, ukamkatikia mikononi, akashtuka kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Nikamkatia mwingine. Akauvuta tena. Akakata nyuzi nyingi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mapaja yake yakajaa vipande vyeupe.

Nilishona mkanda mpya. Mume wangu alipopona akarudi kwenye maji, na asubuhi ile, kabla hajapanda baiskeli, mama yake alimzuia mlangoni. Akamshika kiunoni, akapapasa uzi wa pamba ndani ya mikunjo kwa kidole, akafumba macho.

"Bwana," alisema, "siku ya lazima, ikatike."

Mimi ndiye niliyejibu amina.